Wazazi Wawili Chini ya Paa Moja

Jumamosi, 28 Mfunguo Tisa, mwaka 1303

Namtaja Mungu kwanza, kisha naanza na hasira, maana ndiyo niliyonayo.

Karatasi hizi ishirini aliniletea baba, aliye mwalimu wa chuo cha Kurani huko Kaole, pamoja na kidau cha wino, mimba yangu ilipokuwa ukingoni. Alisema, "Arobaini ni ndefu, Sada mwanangu. Utakaa ndani siku arobaini huoni ila kuta. Andika." Nikadhani nitaandika habari za mtoto, lini kacheka, lini kashika kidole. Leo ni siku yangu ya nne tangu nizae, mtoto hana hata jina, nami naandika habari za paka.

Zafarani nilikuja naye nilipoolewa. Kwetu ndiye aliyelinda vitabu vya baba visiliwe na panya, na rangi yake ndiyo iliyompa jina. Mavyaa yangu, Bi Mwanamvua, mama yake mume wangu, tangu siku ya kwanza alimwita "huyo paka wa Kaole", kama vile Kaole ni ugonjwa. Mwaka huu tukachukua mimba pamoja, mimi na Zafarani. Wanawake wa mtaa wakacheka. Bi Kibibi mkunga hakucheka. Alisema wazazi wawili, waliojifungua pamoja, hawakai chini ya paa moja, mmoja humvuta mwenziwe, na maziwa ya mmoja hukauka. Mavyaa akaamua Zafarani apelekwe Kaole kwa baba, akazae huko, arudi arobaini yangu ikiisha.

Basi leo asubuhi mume wangu Ausi akamtia katika kikapu cha kifuniko, akatoka naye. Mimi niko nyuma ya pazia na mtoto kifuani. Namsikia paka analia mpaka njiani.

Nikasema, "Mama, mbona analia hivi? Huyu si paka wa kulialia."

Mavyaa akasema, "Paka gani asiyelia kikapuni? Nyonyesha."

Alasiri nasikia sauti nyembamba. Nikadhani ni mtoto, naye kalala. Nikaifuata sauti mpaka kwenye kapu kubwa la mavyaa, lile la ukili wa kusukia mikeka. Ndani wako wanne. Macho yamefumba, vitovu vinaning'inia, wamelala juu ya ukili uliotiwa rangi kwa siku tatu. Zafarani alikwisha kuzaa alfajiri. Tumbo lilikuwa bado limelegea kubwa, basi kila mtu akaona bado ana mimba.

Wanawake watatu ndani ya nyumba hii, mmoja wao mkunga, miaka yote anapokea watoto wa watu, na hakuna aliyemtazama paka sawasawa kabla ya kumfunga kikapuni. Najihesabu na mimi. Lakini mimi siruhusiwi kuvuka pazia.

Jumapili, 29

Ausi aliporudi jana kutoka kazini (mume wangu ni fundi wa milango ya nakshi, sasa yuko kwenye nyumba mpya ya tajiri mmoja mjini) nilimwonyesha wale wanne.

Nikamwambia, "Kesho asubuhi nenda Kaole umrudishe mama yao."

Akasema, "Ameshafika. Nimemkabidhi." Kisha akatoka tena, mvua inanyesha, bila kula.

Mavyaa akasema paka harudi mpaka arobaini iishe, maana bado ni mzazi. Nikamuuliza, "Na hawa?" Akasema, "Hawa si wazazi. Hawa na wakae." Ndiyo hukumu yake: watoto wakae, mama asije. Waishi kwa nini, kwa harufu ya udi?

Nimejaribu kuwapa maziwa ya ng'ombe kwa ncha ya kidole. Yanaingia puani, wanapiga chafya. Mmoja, mdogo kuliko wote, hata mdomo hafungui. Wamelala uvunguni mwangu katika pakacha, juu ya kipande cha kaniki.

Jumatatu, 1 Rajabu

Hija amekuja. Ni jirani yetu wa nyuma, mjane, ana mbuzi saba na ulimi mrefu. Alipochungulia uvunguni alisema, "Shoga, umezaa watano, nasi tumekupa hongera ya mmoja."

Kicheko chake ndicho kilichonipa nguvu, na mikono yake ndiyo iliyonifunza. Maziwa ya ng'ombe akayamwaga uani. Akaleta ya mbuzi, akayaongeza maji ya moto kidogo, akasokota pamba kama utambi wa taa, akaichovya. "Usimlaze chali kama binadamu. Paka hunyonya kifudifudi. Ukimlaza chali unamzamisha." Akamweka juu ya tumbo, akamgusisha utambi mdomoni, naye akaukamata, akavuta, miguu ya mbele inakanda hewa.

Kisha akachovya pamba nyingine katika maji ya uvuguvugu, akawapangusa chini ya mkia mmoja mmoja, mpaka wakakojoa. Nikashangaa. "Mama yao huwalamba," akasema. "Asipowalamba hawajui kutoa, hupasuka. Basi hii pamba ndiyo ulimi wako."

Ametia mchanga wa moto katika kifuko, akaufunga nguo mara mbili, akauweka ubavuni mwao. Nami nimewapa majina ya jikoni kama mama yao: Pilipili ndiye mwenye kelele, Bizari ni jike la madoadoa, Karafuu mweusi, na yule mdogo ni Iliki.

Nimemwandikia baba barua. Zafarani aletwe kwa siri nyumbani kwa Hija, na watoto niwapitishe juu ya ua wakanyonye huko. Paa la Hija si paa letu. Bi Kibibi na aseme atakavyo. Hija ameahidi kuipeleka, lakini njia ya Kaole imejaa maji, mpaka Alhamisi.

Jumanne, 2 Rajabu

Siku ya saba. Mtoto ameitwa Mina. Wametoboa masikio yake, amelia kidogo akanyamaza. Nyumba imejaa wanawake. Wawili waliinua pazia la uvungu wangu bila kuniomba, wakachekana. Mmoja akasema, "Na hawa mnawapa majina leo?" Nikasema, "Wanayo tayari, dada, na hawajaalika mtu."

Bi Kibibi alipokuwa akinikanda kwa maji ya moto, mavyaa alikaa na pakacha lile. Niliporudi nikaona bakuli. Nikauliza ni nini. "Tui," akasema. "Zito, la kwanza. Ausi nilimlambisha tui nilipokosa maziwa, mtazame alivyo."

Jumatano, 3 Rajabu

Wanaharisha wote. Iliki amekufa kabla ya adhuhuri, mkononi mwangu, mwepesi kama ganda la yai.

Sikulia. Nilimwita mavyaa, nikamwonyesha, nikasema maneno haya, na nayaandika ili nisije nikasema sikuyasema: "Mama, mwanao alikuwa na siku ngapi ulipompa tui? Huyu alikuwa na siku nne. Umemwondoa mama yake, kisha umemlisha nazi. Kilichobaki umtoe uani anyeshewe." Mkwe hasemi hivyo na mavyaa wake. Najua. Alimchukua Iliki kwa mikono miwili, akatoka naye.

Alhamisi, 4 Rajabu

Mvua. Maji ya mchele yaliyopoa badala ya maziwa, Hija kasema. Wametulia. Hija ameondoka na barua.

Ijumaa, 5 Rajabu

Mvua. Mina analia, Pilipili analia, mimi nakunywa uji wa pilipili manga nikiwa nimesinzia, nikajimwagia.

Jumamosi, 6 Rajabu

Hija amerudi na jibu. Nimelisoma mbele ya mavyaa na Ausi, maana wote wawili walikuwa wameketi na mimi sikuona sababu ya kunong'ona. Baba ameandika hivi: "Mwanangu, nimefurahi kwa Mina. Ama Zafarani, hajafika kwetu, wala mumeo hatujamwona tangu Mfunguo Sita."

Nilimtazama Ausi. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyevunja mtungi. Alifungua mdomo.

Mavyaa akamtangulia. Alisema, "Ni mimi. Nilimwambia asifike Kaole. Nilimwambia amwache mbali, porini huko, asirudi. Sikumtaka paka yule. Ausi ni mtoto wangu, nimemtuma, ametii."

Nikamuuliza Ausi, "Kweli?"

Akaitazama miguu yake. Akasema, "Mama ameshasema."

Sina haja ya kuandika yote niliyosema. Mengine hata Mina angeyakumbuka angekuwa na masikio ya kushika. Nilisema nyumba hii ina sheria kwa kila kitu, sheria ya mzazi asivuke pazia, sheria ya uji, sheria ya moshi, lakini haina sheria ya kutosema uongo. Nilisema siku nane nimekaa natega sikio mlangoni, nikidhani paka wangu yuko salama kwa baba yangu anakula dagaa, kumbe ametupwa na chuchu zimejaa. Nilimwambia mavyaa, "Wewe umenyonyesha. Unajua maziwa yakijaa yanavyouma, na hakuna mdomo wa kuyatoa." Hapo ndipo alipofumba macho.

Ausi alisema neno moja tu, "Nilimtafuta." Nikamwambia aliyemtupa hana haki ya kumtafuta.

Sasa najua kwamba hawa watatu hawana mama mwingine. Mpaka leo nilikuwa nawashikia nafasi tu. Sasa wakifa, wamekufa kwangu.

Jumapili, 7 Rajabu

Mavyaa ametoka asubuhi katika mvua, hakuaga. Mwanamke asiyetoka hata kwenda harusini njia ikiwa na tope. Amerudi adhuhuri, matope mpaka magotini, shuka yake nyeupe ya zamani hana. Nikamsikia uani anaosha jembe. Alitokea wapi na jembe siku kama ya leo, sikuuliza. Sisemi naye.

Pilipili amefungua jicho moja. La buluu, lina ukungu. Limenitazama kama vile nimechelewa.

Jumatano, 10 Rajabu

Macho sita yote yamefunguka, isipokuwa la kushoto la Karafuu, linatoa usaha. Naliosha kwa maji ya chumvi.

Ijumaa, 12 Rajabu

Nimechoka mpaka mifupa inaongea. Nikimaliza Mina, wao. Nikimaliza wao, Mina. Nimewahi kumpangusa Mina kwa pamba ya paka, nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika kwamba nacheka.

Nilipoamka usingizini mchana nilimkuta mavyaa chini, kando ya kitanda, Karafuu kifudifudi mapajani, utambi mkononi. Anampa tone, anangoja ameze, anampa tone. Kisha anapangusa. Hakuna aliyemfunza. Amekuwa akinitazama.

Nilisema, "Ukitubia, mtubie Mungu. Usidhani nitasahau."

Akasema, "Usisahau. Lala."

Jumanne, 16 Rajabu

Dari linavuja juu ya mchago, upande wa kichwa cha kitanda. Tumehama upande wa pili, sisi watano.

Jumamosi, 20 Rajabu

Wanatembea kama walevi. Bizari ametoka pakachani mpaka kwenye miguu ya Bi Kibibi, akakojoa kiatuni mwake. Sikumpiga.

Mavyaa anasuka mkeka ule ule, kwa ukili ule ule ulioharibiwa rangi wakati wa uzazi. Ametia mistari iliyochujuka katikati, hakuificha. Anawalisha alfajiri nami nalala. Ananipikia. Sijamwita mama tangu siku ile ya barua. Namwita "wewe". Naye huitika.

Ausi huondoka mapema, hurudi amechoka. Ananiletea maembe. Namwambia ahsante, bwana, kwa kuwa yeye alitumwa.

Ijumaa, 26 Rajabu

Jioni hii ni Miraji. Watu wamekwenda msikitini kusikiliza kisomo, na Hija amekuja kukaa na mimi. Mavyaa naye amekwenda.

Nilikuwa namsema. Nilisema, "Mwanamke aliyemtupa paka na maziwa yake, ana moyo gani wa kwenda kusikiliza Miraji?"

Hija alikuwa anamkuna Karafuu kidevuni. Mkono ukasimama. "Shoga," akasema, "basi."

"Basi nini?"

"Nimenyamaza siku ishirini. Mimi, Hija, nimenyamaza siku ishirini, hata mbuzi wangu hawaamini. Lakini sitakaa nikisikia unamla yule bibi nyama kila nikija."

Akanieleza yale aliyomsikia Ausi akiungama mbele ya mama yake. Mavyaa hakumtuma Ausi amtupe paka. Alimwambia ampeleke Kaole kwa baba, na alimpa kifurushi cha mchele awapelekee wenyewe, kwa heshima ya paka wao. Ausi alifika penye mikoko, akaona mawingu, akakumbuka mlango wa tajiri unaomngoja, akafungua kikapu. Akajiambia paka atafika mwenyewe, si ndiko kwao? Mchele akawapa wenzake kazini.

Na mavyaa hakujua, mpaka niliposoma barua ya baba. Hapo hapo alielewa, na hapo hapo akaibeba lawama.

Siku ya pili yake alimbana mwanawe amwonyeshe pahala, akaenda mwenyewe kumtafuta, na Ausi nyuma yake. Hawakumkuta kule. Walimkuta karibu. Mfereji wa nyuma ya ua wa Hija, ule unaofurika masika, ndipo alipokwama. Hija anasema alikuwa na siku mbili au tatu tangu afe. Alirudi njia yote ile katika mvua, akashindwa na mfereji mmoja. "Kichwa kilikuwa kimeelekea huku," Hija akasema. Mavyaa akaazima jembe kwa Hija, akamvika shuka yake nyeupe, akamzika. Ausi alitaka kuchimba, mama yake akamnyima jembe.

Nikamuuliza Hija kwa nini hakuna aliyeniambia.

"Mzazi hapewi habari ya kifo ndani ya arobaini. Maziwa hukatika. Sote tunajua hivyo."

Nimewatazama wale watatu wanavyopigana mieleka na mkia wa pazia. Siku ishirini nikiwaita watoto wa aliyetupwa, kumbe mama yao alikuwa anakuja.

Jumamosi, 27 Rajabu

Nilimngoja mavyaa amalize uji wake. Nikasema, "Mama."

Aliinua kichwa. Alijua papo hapo. Akasema, "Hija na mdomo wake."

"Kwa nini umenifanya nikutukane wiki tatu?"

Akaweka kata chini. "Mke akimchukia mumewe ndani ya arobaini, hiyo haiponi. Nimeiona. Mimi ukinichukia ni kawaida, mavyaa gani hachukiwi? Nimeona afadhali unikasirikie mimi." Kisha akasema, taratibu, "Na tui lilikuwa langu kweli. Na kumwondoa kulikuwa kwangu. Usinisafishe zaidi ya nilivyo."

Nililia hapo, kwa mara ya kwanza, na hasira yenyewe haikuondoka. Nilimwambia, "Nani aliwaambia nataka kufichwa? Nimezaa, sikupofuka. Mmekaa mkanionea huruma, mkaniacha nimpige asiyestahili, na anayestahili ananiletea maembe." Akasema, "Kweli." Sikuwa nimezoea kuambiwa kweli katika nyumba hii.

Maziwa yangu hayakukatika. Nayaandika hayo kwa ajili ya Bi Kibibi.

Jioni nilimkalisha Ausi mbele ya pazia. Sikupaza sauti. Nilimwambia aseme mwenyewe, nami nitasikiliza. Alisema yote kama Hija alivyosema. Akaongeza kwamba jioni ile ile, aliponiona na wale wanne, alirudi mikokoni akamwita mpaka sauti ikakauka, na kesho yake, na kesho kutwa.

"Ulidhani atafika Kaole mwenyewe?"

"Si ndiko kwao?"

"Kwao ni pale alipozaa," nikamwambia. "Mtu yeyote katika nyumba hii angekwambia. Hata Mina."

Akasema, "Niliogopa."

"Uliogopa, ukamwacha mama yako mzee aseme uongo kwa kinywa chake katika mwezi wa Rajabu. Ulikaa ukaniangalia nikimtukana. Kila siku. Ukala, ukalala." Alikuwa analia. Nilimwonea huruma, naiandika huruma hiyo, lakini sikumpa.

Jumapili, 28 Rajabu

Hakuna maembe.

Alhamisi, 2 Shaabani

Mvua zinapungua. Wanakula dagaa waliotwangwa. Pilipili anaunguruma akila, anadhani kila mtu ni mwizi. Jicho la Karafuu limefunguka lakini lina kovu jeupe, haoni upande ule. Hija anamtaka hivyo hivyo. "Nina mbuzi mwenye pembe moja," akasema, "wataelewana."

Bizari anabaki. Hakuna aliyeniuliza na hakuna niliyemuuliza.

Baba naye anamtaka mmoja, panya wameanza kula vitabu. Nimekwisha kujua nani atampeleka.

Jumapili, 5 Shaabani

Arobaini imetimia.

Wamenikosha, wamenifukiza, Mina amenyolewa nywele zake za tumboni, akatolewa nje akaliona jua akapiga chafya. Wanawake walipokwenda kwenye sinia la wali, nilimshika Hija mkono. Akanipitisha nyuma ya ua wake. Nilihesabu hatua kutoka mlango wetu mpaka pale: hamsini na tisa. Hakuna kitu, majani na jiwe moja jeupe, na maji ya mfereji yameshakauka, mtoto angeuvuka kwa miguu mikavu. Nilisimama mpaka Mina akataka kunyonya, nikamnyonyesha pale pale.

Nikarudi, nikatoa kile kikapu cha kifuniko. Nilikuwa nimekiosha. Nikamtia Pilipili, nikampa Ausi, pamoja na barua.

Akasema, "Mama Mina, leo kuna wageni."

"Wageni wangu. Watakungoja."

Akaigeuza barua mkononi. Ausi hajui kusoma. "Imesema nini?"

"Imesema ulichofanya, mwanzo mpaka mwisho. Ukifika, mpe baba mkononi, kaa aisome mbele yako, uniletee jibu kwa mkono wake."

Alisimama. Nilidhani atakirudisha kikapu. Mavyaa yuko barazani na mkeka wake, hakuinua macho, akasema tu, "Jua bado liko juu, mwanangu." Ausi akakiweka kikapu kichwani, Pilipili anatukana ndani, akapita katikati ya wanawake wote na mtaa wote ukimtazama, akashika njia ya Kaole.

Bi Kibibi alimaliza wali wake, akamtazama Bizari aliyelala mapajani mwa mavyaa, juu ya ukili. "Huyo ni jike," akasema. "Mwaka haupiti, atashika mimba. Na Sada bado kijana. Mtarudi pale pale, wazazi wawili, paa moja. Mimi nasema mapema."

Mavyaa alivuta ukindu, akaubana kwa jino, akaukata.

"Siku hiyo nitatoka mimi," akasema. "Nitakwenda Kaole kwa baba yake, nikae arobaini zote mbili. Na nikitoka hapa, nitafika."

Hija alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilicheka pia, lakini niliangalia njia.

Ausi amerudi baada ya alasiri, miguu ina matope ya mikoko mpaka juu, kikapu kitupu. Hakukaa. Alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Baba yangu, mtu ambaye hawezi kuandika salamu chini ya kurasa mbili, ameandika neno moja.

*Amefika.*

Nimemwambia Ausi akakitundike kikapu juu ya mlango, ndani, mahali ambapo kila akitoka atakiona. Amekwenda kutafuta msumari.